Kamera ndogo ya mkanda ukiwa Mbeya: namna ya kuichagua

Vijana wengi huku Nyanda za Juu Kusini wameanza kuulizia tena kamera za mkanda, na swali la kwanza huwa lilelile: ninunue ipi? Jina la kamera ndilo jambo la mwisho kuamua. Kamera inayomfaa mtu wa Tokyo mwenye maabara ya picha mtaa wa pili inaweza kulala kabatini Uyole miaka mitatu kwa kukosa betri moja tu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma: kwanza mkanda na mtu wa kuusafisha, kisha betri, kisha mwanga wa huku kwetu, ndipo tufike kwenye kamera yenyewe.

Nazungumzia kamera ndogo za kuingia mfukoni mwa koti, ambazo lenzi yake haibadilishwi. Zile kubwa zenye lenzi za kufungua na kufunga zina mambo yake, tuziache.

Hatua ya 1: Mkanda, na nani atausafisha

Kabla hujatoa hata shilingi, jibu maswali mawili. Mkanda nitaupata wapi? Nikishaupiga, nani atausafisha?

Usidhani kila studio yenye bango la picha inasafisha mikanda. Nyingi siku hizi zinaishi kwa picha za pasipoti na kuchapisha kutoka kwenye simu. Nenda uulize, na uulize kwa undani: mnasafisha wenyewe au mnapeleka Dar? Inachukua siku ngapi? Mnaskani? Na hili usilisahau kamwe: negativu zangu (ule mkanda wenyewe ukishasafishwa) nitarudishiwa? Wapo watakaokutumia picha kwa WhatsApp na kuzitupa negativu, wakidhani wamekumalizia kazi. Negativu ndiyo mali yenyewe. Simu ikiibwa Mwanjelwa na picha zote zimekwenda, lakini negativu iliyotunzwa sehemu kavu utamwachia mwanao aichapishe upya.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalifanyi na ningependa walifanye. Katika miji yetu hii, Mbeya, Tukuyu, Njombe, Iringa, wapo wazee waliokuwa wakipiga picha za harusi na za kipaimara enzi za mikanda. Mtafute mmoja. Mpe shikamoo yake, kaa, mwonyeshe unachotaka kununua. Mzee wa namna hiyo akibonyeza shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) mara mbili tu na kusikiliza, atakuambia mambo ambayo video za mtandaoni hazitakuambia. Pengine hata tangi la kusafishia bado analo chini ya kitanda.

Kama hakuna wa kukusafishia karibu, fikiria mkanda wa nyeusi na nyeupe na uusafishe mwenyewe. Hapa baridi yetu inakuwa faida. Dawa za nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzi 20 za sentigredi. Mtu wa pwani anahangaika na barafu kupoza maji, wakati wewe unaongeza maji ya moto kidogo basi. Mkanda wa Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, kwa nyuzi 20, unahitaji dakika 7 na nusu. Unahitaji tangi, mfuko wa giza wa kuingizia mikono, kipimajoto, dawa ya kutoa picha na dawa ya kuikaza. Chumba cha giza si lazima, mfuko unatosha kuhamishia mkanda kwenye tangi, na kazi nyingine yote unaifanyia jikoni. Mikanda ya rangi ni kazi nyingine: dawa yake inataka nyuzi 38 zisizoyumba, na asubuhi ya Juni huku kwetu maji yanapoa huku unayaangalia. Kwa rangi, tuma Dar.

Hakikisha pia kamera inatumia mkanda wa kawaida wa milimita 35. Kasha hili lilianza kuuzwa mwaka 1934 na halijabadilika, kwa hiyo mkanda mpya wa leo unaingia kwenye kamera aliyonunua babu yako. Ila kuna mtego. Kuanzia 1996 zilitoka kamera ndogo nzuri sana za mfumo ulioitwa APS, ambao kasha lake ni la umbo jingine. Mikanda hiyo haitengenezwi tena tangu 2011. Kamera hizo, kama Canon IXUS za kwanza, utazikuta mtandaoni kwa bei ya kuvutia, za chuma, zinang'aa, na hazitakufaa. Ukiona maandishi ya APS au Advantix, pita. Za mkanda wa 126 nazo pita.

Hatua ya 2: Betri

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nami naipa betri uzito kuliko lenzi.

Kuna kamera zisizotumia betri kabisa. Olympus Trip 35 iliyotoka miaka ya 1960 na Olympus Pen EE-3 ya miaka ya 1970 zina duara la vioo vidogo kuzunguka lenzi. Ndani yake mna seleniamu inayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo, na huo unatosha kuendesha kipimo cha mwanga. Kwa mtu anayekwenda Makete au Matema wiki nzima, hiyo ni raha isiyo na mfano.

Zinazofuata kwa urahisi ni zinazotumia AA mbili, betri zilezile za saa ya ukutani ambazo kila duka linazo hadi vijijini. Nikon L35AF ya 1983, Canon AF35M ya 1979, Konica C35 AF ya 1977 na Pentax PC35AF zote ziko kundi hili. Kisha zipo za betri za kitufe aina ya LR44, mathalani Olympus XA na XA2, na fundi saa yeyote atakuuzia.

Kuanzia hapo ugumu unaongezeka. Olympus mju-II ya 1997 na Yashica T4 zinataka CR123A, betri fupi nene ya volti 3. Inapatikana kwa kuagiza, si kwa kwenda dukani jioni ikikuzimikia. Ukizitaka hizo, agiza betri mbili au tatu pamoja na kamera. Na zipo za zamani zilizotengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka mbadala wa volti 1.5, kipimo kinasoma vibaya. Usianzie hapo.

Hatua ya 3: Mwanga wa huku

Watu wakisikia Afrika wanafikiria jua tu. Wewe unajua Rungwe ilivyo mwezi wa tatu: ukungu umelala juu ya chai hadi saa nne asubuhi, mvua ya saa nane, giza linaingia mapema. Maua ya Kitulo, kule juu kwenye mita 2,600 hivi, yanachanua kati ya Novemba na Aprili, yaani wakati uleule wa mvua na mawingu. Kwa hiyo mambo mawili.

La kwanza, kamera ikubali mkanda wa ISO 400 (ISO ni namba ya wepesi wa mkanda kushika mwanga, ikiwa kubwa unahitaji mwanga mdogo). Nyingi zinakubali, ila angalia. Lenzi iwe na tundu la kuingizia mwanga la f/2.8 au f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), maana ndani ya nyumba karibu na dirisha, f/2.8 kwa ISO 400 bado inakuwezesha kupiga kwa mkono bila flashi. Kamera mpya za plastiki zina lenzi zenye tundu dogo mno. Kodak Ektar H35, kwa mfano, ni f/9.5 na kasi yake ni moja tu, sehemu ya mia ya sekunde. Mchana kweupe inafanya kazi vizuri, hata chini ya wingu la kawaida ukiwa na ISO 400, lakini jioni bila flashi hupati kitu.

La pili ni kubwa zaidi, na miongozo mingi iliyoandikwa ughaibuni hailigusi. Kipimo cha mwanga cha kamera hizi ndogo hakijui kinaangalia nini, kinachukua wastani tu wa mwanga ulio mbele yake. Ukimpiga mama yako amesimama mlangoni na anga jeupe la ukungu nyuma yake, kamera inaona weupe mwingi, inafunga tundu, na uso wake unatoka mweusi usio na sura. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaumizwa na kosa hili kuliko wengine. Dawa yake ni rahisi kama kamera inakuruhusu kupanga ISO mwenyewe: mkanda wa 400 uambie kamera ni 200, itaingiza mwanga mara mbili. Mkanda wa rangi wa negativu unavumilia mwanga wa ziada vizuri sana, unachoshindwa kuvumilia ni mwanga pungufu. Trip 35 ina pete ya ISO kwenye lenzi. XA2 ina kitelezi chake. Nikon L35AF ina kitufe cha kusaidia mwanga ukiwa nyuma ya mtu. Zile zinazosoma ISO zenyewe kutoka kwenye viboksi vyeusi na vya fedha vya kasha hazikupi nafasi hiyo, na kwa sababu hiyo pekee mimi ninaziweka nyuma kwa mtu anayepiga picha watu wa huku.

Hatua ya 4: Sasa chagua aina

Kama ndiyo mara yako ya kwanza na unataka kupiga ndugu, safari, soko, mlima: Olympus Trip 35. Fokasi yake ni ya alama nne, mtu mmoja, watu wawili, kundi, na mlima. Unakadiria umbali, unazungusha, unapiga. Shata lina kasi mbili tu na kamera inachagua yenyewe. Ni nzito kidogo, na usiku haina msaada bila flashi ya kupachika.

Kama hela ya mikanda ndiyo inayokutia hofu, na ni hofu ya haki kwa sababu gharama ya mikanda na kusafisha itaipita bei ya kamera mapema kuliko unavyodhani, chukua ya nusu fremu. Pen EE-3 inagawa kila fremu mara mbili, mkanda wa picha 36 unakupa 72. Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kipya chenye dhamana, Pentax ilitoa Pentax 17 mwaka 2024, nayo ni nusu fremu na ISO unapanga mwenyewe, ingawa betri yake ni CR2 ambayo itabidi uagize.

Anayepanda mlima Loleza au kushuka ziwa Ngozi na hataki uzito achukue Olympus XA2, au XA yenyewe ya 1979 kama anataka kupanga fokasi na tundu kwa mkono wake. Zote zina kifuniko cha kutelezesha kinacholinda lenzi, huhitaji mkoba. Kwenye XA2 kumbuka kwamba kila ukifunga kifuniko fokasi inarudi katikati.

Mwenye watoto wadogo wasiotulia anahitaji fokasi ya kujiendesha, na hapo Nikon L35AF ndiyo ningempa.

Contax T2 sisemi mengi. Lenzi yake ni nzuri kweli, lakini bei imepandishwa na umaarufu, na ikifa umeme wake hakuna fundi wa kukufufulia.

Hatua ya 5: Ikague mkononi

Tuseme umeiona Trip 35 kwenye meza ya mitumba ya vifaa vya umeme. Usianze na bei. Mwambie muuzaji, "Kaka, samahani, naomba nifungue mgongo." Akikataa, shukuru uondoke.

Fungua. Kwenye mifereji mgongo unapofungia kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Iguse kwa njiti. Ikinata na kuacha weusi, imeoza. Hilo halikatazi kununua, linakupa tu nafasi ya kuomba punguzo, kwa sababu unaweza kuikwangua na kuweka uzi mweusi wa sufu wa kufumia sweta, ukaubana vizuri kwenye mfereji. Unazuia mwanga sawasawa.

Sasa mgongo ukiwa wazi, zungusha gurudumu la kuvutia mkanda kwa kidole gumba hadi likaze. Weka pete ya tundu kwenye A (kamera ijipangie yenyewe), elekeza lenzi kwenye anga, jicho lako likiwa nyuma mahali mkanda unapokaa, bonyeza. Utaona tobo la mwanga likifunguka na kufunga mara moja. Likibaki wazi, au vibati vyake vikifunguka upande mmoja, mafuta yameganda ndani.

Kisha jaribio linalonipendeza kuliko yote. Ziba lenzi pamoja na vile vioo vinavyoizunguka kwa kiganja chako, chungulia kwenye kitundu cha kutazamia, bonyeza. Kibendera chekundu kinatakiwa kuinuka chini ya picha na shata ligome. Ondoa kiganja, elekeza kwenye mwanga, bonyeza tena, lipige. Kibendera kikiinuka hata kwenye jua la saa sita, seleniamu imekufa. Kisipoinuka kabisa hata gizani, kuna kitu kimekwama. Pen EE-3 inajaribiwa hivyohivyo. Ni jaribio la dakika moja, bila betri wala mkanda, na ndiyo sababu nyingine ninayowapendea wanunuzi wa huku kamera hizi.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kwa upande, si kwa mbele. Vumbi kidogo halina shida. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi ndani ya kioo. Huo ni uyoga, yaani kuvu, na unyevu wa kuanzia Tukuyu hadi Kyela unaupenda. Ukiuona, acha. Michubuko midogo ya mbele haionekani kwenye picha.

Kwa kamera za betri, nenda na betri zako mfukoni. Fungua chumba cha betri kwanza. Ukoko mweupe au wa kijani ukiwa kidogo unatoka kwa siki kwenye pamba, ukiwa umekula chuma au nyaya, acha. Washa flashi usikilize, ijae ndani ya sekunde chache na iwake. Elekeza kwenye kitu cha karibu, kisha mlimani, uone kama lenzi inasogea tofauti. Na tafadhali, usiruhusu mtu afungue mwili wa kamera yenye flashi hapo mezani kwa bisibisi. Kapasita ya flashi inahifadhi umeme wa volti 300 hivi hata betri zikiwa zimetolewa.

Hatua ya 6: Ukinunua mtandaoni

Muuzaji akiandika "haijajaribiwa", chukulia ni mbovu, ulipe bei ya mbovu. Mwombe video fupi, si picha, ya shata likipiga na kibendera kikiinuka. Mwombe picha ya ndani ya mgongo. Jumlisha usafirishaji na ushuru kabla ya kulinganisha bei. Kama kuna ndugu anakuja kutoka nje, kamera ije kwake mkononi, na mikanda isipite kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Mashine mpya za kukagulia mizigo kwenye baadhi ya viwanja zinaharibu mkanda kabisa, hivyo aombe ukaguliwe kwa mkono.

Hatua ya 7: Mkanda wa kwanza ni wa kupima

Usiende na kamera mpya kwenye harusi ya dada yako. Weka mkanda ambao haujaisha muda, wa ISO 200 au 400, na uupige wote ndani ya siku mbili au tatu kwa makusudi ya kuijua kamera. Ukishaufunga mgongo, vuta mkanda huku ukiangalia kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, utapiga picha 36 za hewa. (Kwa kamera zinazovuta mkanda kwa mota, angalia namba zinavyohesabu.)

Piga kitu kimoja kwa kila alama ya fokasi, kwa umbali uliopimwa kwa hatua. Piga uso wa mtu kivulini, kisha mtu huyohuyo akiwa na anga nyuma yake, mara moja kwa ISO ya kweli na mara moja kwa nusu yake. Piga ukuta mweupe. Piga asubuhi kwenye ukungu. Andika kila picha kwenye daftari, namba na ulichopanga, kwa sababu mkanda haukumbuki kama simu inavyokumbuka.

Ukitoka Kitulo au Uporoto na baridi, usiitoe kamera karibu na jiko la mkaa mara moja. Iache ndani ya begi saa nzima ipate joto polepole, la sivyo lenzi inatoa jasho, na jasho ndilo linaloanzisha uyoga. Nyumbani usiitunze kwenye mkoba wake wa ngozi, ngozi inashika unyevu. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mkanda ukirudi, soma negativu kabla ya picha. Weka skrini ya simu iwe nyeupe, inua negativu sentimita chache juu yake. Negativu zote zikiwa nyepesi, karibu kuonekana upande wa pili, mwanga ulikuwa pungufu: shusha ISO. Mistari myeusi inayotokea palepale kwenye fremu nyingi ni mwanga unaopenya kwenye sponji, weka uzi. Fremu zikipandana, mtambo wa kuvuta mkanda umechoka, na huo ni wa fundi. Kama umenunua kwa makubaliano ya kurudisha, haya yote yawe yamekamilika kabla siku zake hazijaisha, kwa hiyo panga na msafishaji kabla hata kamera haijafika.